Themostati moja kwa nyoka wa aina tatu

SWALI: Ndugu mhariri, ninafuga kwa kibali chatu wachanga, boa wa mchangani na nyoka wa nyumbani wa kahawia. Wanakaa katika masanduku ya plastiki kwenye kabati moja la chuma, na kila daraja lina mkanda wake wa joto. Je, naweza kutumia themostati moja, yaani kidhibiti joto, kwa mikanda yote, kisha nikaweka swichi ya kupunguza nguvu kwa wasiohitaji joto kali?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, mpango huo utakuridhisha mchana na kukuangusha usiku. Themostati hutii sehemu moja tu, ile kilipobandikwa kihisio chake, yaani kipande kinachopima joto. Tuseme umeiweka nyuzijoto 33 kwa ajili ya boa, kihisio kikiwa kwenye mkanda wake, na mkanda wa nyoka wa nyumbani umeupunguza hadi nusu ya nguvu. Chumba kikiwa na nyuzijoto 26, mkanda wa boa unaongeza 7 na ule mwingine unaongeza takriban 3.5, kwa hiyo nyoka wa nyumbani anapata 29.5, kiasi kinachomfaa. Usiku wa Julai chumba kikishuka hadi 15, boa atabaki na 33 yake kwa sababu mkanda wake umeongeza 18, lakini mwenzake ataongezewa 9 tu na kuishia 24, tena hiyo ndiyo sehemu yake ya moto.

Nunua themostati mbili. Boa hupenda sehemu ya moto yenye nyuzijoto 32 hadi 35 na chatu wachanga 31 hadi 33, kwa hiyo wanaweza kushirikiana moja iliyowekwa 32 au 33. Nyoka wa nyumbani, anayetosheka na 28 hadi 30, apewe yake. Kwa kuwa joto hupanda, mweke yeye madaraja ya chini.

Kihisio kikae kati ya mkanda na kitako cha sanduku, nacho kibandikwe imara, kwa maana kikichomoka kitapima hewa baridi ya chumba na mkanda utaendelea kuwaka hadi uunguze tumbo la nyoka. Usiamini namba ya themostati peke yake: weka kipimajoto kingine ndani ya sanduku, juu ya plastiki, chini ya maranda, mahali ambapo nyoka hulala hasa.

Mkanda upite chini ya theluthi moja tu ya sanduku, ili nyoka aweze kuhamia upande wenye nyuzijoto 24 hadi 26. Kwa baridi ya Arusha upande huo hautafika hapo wenyewe, hivyo ziba mgongo na ubavu wa kabati kwa mbao za povu, ukiacha matundu ya hewa ya masanduku wazi. Umeme ukiwa wa kukatika-katika, ahirisha kulisha, kwani nyoka aliyeshiba akapoa hushindwa kusaga chakula na mara nyingi hukitapika.