Mleta mada, mwambie huyo jamaa wa kuchomelea asije Jumamosi

Ahirisha. Salamu tutapeana mbele ya safari.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mdogo wetu yuko Indianapolis, kapata Chevrolet ya 1955 ya milango miwili, bodi kaishusha, fremu imekaa tupu juu ya stendi gerejini kwake. Anataka kuijenga kwa mtindo wa yale magari ya mbio za dragi ya miaka ya 1960, yale yaliyoinua pua, wenyewe huku wanayaita gasa. Kauliza injini gani, gia za mkono au otomatiki, rangi gani, na bima inakuwaje kwa gari la namna hiyo. Halafu katikati ya maelezo katupia mstari mmoja tu: ekseli ya mbele kashapata, ya Ford Econoline ya zamani, na Jumamosi kuna jamaa anakuja kuichomelea "ili fremu isimame kwa miguu yake, injini nitatafuta baadaye taratibu".

Nyie wote mmepita hapo mkamjibu habari za rangi. Jamani!

Mdogo wangu, sheria ni moja, iandike ukutani kwa chaki: mbele ya gari hakuna kinachochomelewa mpaka uzito wote wa gari umekaa juu ya matairi yake yenyewe. Uzito wote. Kabla ya hapo ni kushikiza kwa nukta, nukta ambayo ukiigonga kwa nyundo na patasi inaachia. Anayekwambia vinginevyo mwulize swali moja: likiharibika, nani analipa?

Sisemi haya kwa sababu nimesoma mahali. Yangu ni ya 1956, na kutoka ekseli hadi ekseli ni inchi 115 sawa na ya kwako. Ekseli niliyoweka ni hiyohiyo ya Econoline, kwa sababu ni ngumu, ni nyepesi kupatikana kwenye magari mabovu ya mwanzo wa miaka ya 1960, na nusu ya wanaojenga majumbani wanaitumia. Ekseli haina kosa. Kosa ni nilimwachia nani.

Kuna mzee hapa Ohio, simtaji, ndevu nyeupe mpaka kifuani, ukuta wa gereji umejaa picha za magari ya zamani yamenyanyua magurudumu. Ukiingia pale unavua kofia. Dayton ndiko alikotoka George Montgomery, yule dereva maarufu wa magasa, na gari lake la Willys ya 1933, kwa hiyo wazee wa huku ukiwasikiliza unadhani kila mmoja alimshikia spana. Nikampelekea fremu tupu kwa trela. Nikamwuliza, uzito wa injini je? Akacheka. Akasema gari litajitafutia lenyewe kimo chake. Na mimi nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sasa sikiliza kimo kilivyojitafuta.

Gurudumu la mbele linageukia kwenye kingpini, ile pini nene kwenye ncha ya ekseli, na kingpini haisimami wima. Kichwa chake kinalalia nyuma kidogo, na ule ulalo ndio kasta. Ikiwa ya kutosha, usukani unarudi katikati wenyewe na gari linashika njia. Kwenye ekseli ngumu yenye matairi membamba, wengi wanalenga digrii 5 mpaka 7. Lakini kingpini imeshikwa na ekseli, ekseli imeshikwa na springi, springi zimeshikwa na fremu. Fremu ikiinama, vyote vinainama. Kwa urefu wa inchi 115, kila inchi 2 unazoshusha pua au kupandisha mkia zinakula digrii 1. Piga hesabu mwenyewe, haihitaji ndevu.

Mzee alipima digrii 6 safi kabisa, fremu ikiwa tupu, springi za mapande zimejikunja juu hazijabeba hata kuku. Akachomelea mpaka mwisho, mshono mzuri sana, huo sitamnyima. Nikarudi nyumbani nikaingiza injini. V8 ndogo ya Chevrolet ya chuma cha kusubu inakaribia kilo 260, hapo hujaweka gia boksi, rejeta, bodi, wala mimi mwenyewe ambaye ni mada nyingine. Pua ikashuka inchi 4. Nyuma nikavalisha yale matairi makubwa laini ya mbio, mkia ukapanda inchi 2. Digrii 3 zimeyeyuka kabla gari halijatoka uani.

Barabarani lilikuwa mkokoteni wa Kariakoo. Ufa wowote wa lami linaufuata. Tena ile fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda kwenye gurudumu, ambayo mzee aliifunga imelala sawasawa fremu ikiwa tupu, sasa imeinama upande mmoja kwa kuwa fremu yote imeshuka na boksi lake. Fimbo ikiinama, kila springi ikipanda na kushuka inavuta gurudumu. Unapita kwenye bonde, gari linakata kona ambayo hukuiomba.

Mtasema hilo ni dogo. Ni kweli, ni dogo! Kuna kabari za chuma zinawekwa kati ya springi na ekseli zinarudisha digrii mbili tatu. Nilinunua, nikafunga, gari likatulia kiasi, nikajiona mhandisi. Kilichonimaliza ni kingine.

Tairodi, ile inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, kwangu inapita nyuma ya ekseli, chini kabisa ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Fremu ilipokuwa tupu palikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi mbili moja juu ya nyingine. Baada ya uzito wote kukaa, vikabaki vidole viwili vikilala. Niliona. Nilimpigia mzee nikamwambia nimeona. Akanijibu springi zikizoea zitatulia. Zitatulia wapi, mzee? Springi zikizoea zinashuka zaidi! Hili hata mpiga debe wa stendi anajua.

Kuna njia ya reli inakatiza barabara ya mashambani jirani na kwangu, sehemu ambayo lami imejenga tuta. Nilipita pale si kwa kasi ya kutisha. Springi zikajikusanya, ekseli ikapanda, tairodi ikapiga sampu kwa mbele na kuipasua. Na kwa sababu mabomba yangu ya ekzosi yanatokea kwenye matao ya matairi, yapo wazi, hayana sailensa, kelele yake inafukuza ndege, sikusikia kitu. Geji ya presha ya oili nilikuwa nimeifunga chini ya dashibodi karibu na goti la kulia kwa sababu picha za zamani zinaonyesha hivyo. Inapendeza. Haionekani. Nilipokuja kusikia mlio, ulikuwa mlio wa mwisho. Injini ilinoki.

Jioni nilifungua kilichobaki. Oili ikashuka kidogo, nikaishika kwenye kiganja nikaipeleka kwenye taa: imejaa vumbi linalometameta rangi ya fedha na shaba. Hizo ndizo zilikuwa metali zangu, yale mabamba laini yanayobeba mhimili wa injini, mpya, za injini iliyotoka kusagwa. Krankshafti, huo mhimili wenyewe, imeliwa. Kondrodi moja, mkono wa pistoni, imebadilika rangi, bluu.

Halafu ndipo hesabu inaanza, na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko kote. Kupata nafasi ya sampu ilibidi injini ipande. Injini ikipanda, vishikizo vyake vinakatwa. Mabomba ya ekzosi hayapiti tena kwenye matao. Shafti ya usukani inagonga bomba, inabidi iungwe upya. Vishikio vya springi vyote vinne vikatwe, kasta ipimwe upya, boksi la usukani lihamishwe. Kosa moja la kuchomelea mapema lilinirudisha nyuma kwenye kila kitu nilichokuwa nimemaliza, rangi ya chumba cha injini ikiwemo, maana cheche za kukatia hazichagui. Na yule mzee, wakuu, alinitoza kukata mshono aliouchomelea mwenyewe. Kwa saa! Akasema mshono mzuri ni kazi kuukata. Hela ile ningeituma Tabata, ile nyumba ingekuwa na bati sasa hivi. Mama watoto akiniona nimekaa mbele ya kompyuta usiku ananiuliza kama nimenunua springi nyingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Huna injini? Sawa, hakuna ugomvi. Nenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu utafute bloku ya V8 ndogo iliyokufa, iliyopasuka hata, wanaiuza kwa bei ya chuma. Lazima iwe na vichwa vyake, na lazima uifunge sampu ileile utakayotumia. Sampu ndiyo kipimo, usiniambie utakadiria. Kava tupu la gia boksi nyuma yake. Rudisha bodi juu ya fremu, hata kwa bolti nne. Vilivyopungua, rejeta, boneti, viti, wewe mwenyewe, vijazie kwa mifuko ya chumvi ya kulainishia maji, ipo kwenye kila duka la vifaa vya nyumbani huku, mfuko mmoja ratili 40. Ipange pale kitu halisi kitakapokaa, si popote tu. Vaa matairi halisi ya mbele na ya nyuma, upepo halisi. Kisha lisukume gari mbele na nyuma, lisukume juu chini kwenye kona zote, liache likae usiku mzima.

Asubuhi ndipo unachukua geji ya pembe. Pima kasta hapo. Pima fimbo ya usukani imelalaje. Lala chini na tochi uangalie tairodi na sampu. Mimi sasa sikubali chini ya inchi 3, na kwenye fremu naweka mipira ya kuzuia ekseli isipande zaidi ya hapo. Kama bloku imekushinda kabisa, toa mapande yote ya springi ubakize lile pande kuu peke yake, ndipo uzito mdogo utaweza kuishusha fremu mpaka kwenye kimo unachokitaka, ukiwa umeshakijua kwa namba. Ni njia ya mkato na inasaidia, ila kwangu bloku mfu ni bora kwa sababu inakuonyesha vitu vinavyogongana.

Na hao wa video za YouTube wanaochomelea fremu tupu kwa dakika kumi na muziki juu! Tazama tena. Hakuna anayekuonyesha gari likipita kwenye reli.

Tena kuhusu kimo, usidanganywe na picha za mtandaoni za magari yaliyoangalia mawingu. Pua iliinuliwa kwa sababu matairi ya zama zile yalishika vibaya, wakataka gari likiondoka uzito uangukie nyuma. Lakini NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, waliweka mpaka: mstari wa katikati ya krankshafti usizidi inchi 24 kutoka chini. Na injini iliruhusiwa kurudishwa nyuma asilimia 10 ya urefu wa ekseli hadi ekseli, yaani kwako inchi 11 na nusu. Ukiirudisha hivyo sampu nayo inaikimbia ekseli, ingawa utakata ukuta wa mbele wa kabini. Ile Willys ya 1941 ya timu ya Stone, Woods na Cook, ambayo Tim Woods, mkandarasi mweusi wa Los Angeles, alikuwa mmoja wa wenyewe, itazame kwenye picha za wakati wake. Haikuangalia mawingu. Ilikuwa inakimbia.

Injini uliyouliza: V8 ndogo ya Chevrolet, yoyote, vipuri vyake ni rahisi na fremu yako inaijua tangu 1955. Gia za mkono ukiweka, tafuta bel hausi, lile kava linalofunika klachi, ya feleji ya sahani nene iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio, isiwe ile ya alumini iliyokuja na gari. Klachi au flaiwili ikipasuka kwenye mzunguko mkubwa inapasukia kwenye miguu yako. Otomatiki sijawahi kufunga, watakuja wenye nazo.

Kitu kingine kabla sijasahau: akija fundi akataka kupasha moto ile mikono ya usukani kwenye gurudumu ili aipinde ikae sawa, mtoe nje. Kile ni chuma cha kufuliwa, kinabeba maisha yako, hakipindwi kwa gesi kwenye gereji ya mtu. Nunua mkono wenye umbo unalolitaka.

Yule wa Jumamosi mpigie leo, si Ijumaa usiku. Akisema keshapanga siku yake, mlipe mafuta ya kuja na kurudi, bado umepata nafuu. Akisema uzito si kitu, mwulize kama ana ndevu nyeupe, kisha niandikie inboksi.

Na usimruhusu mtu awashe mashine kabla hujaweka hapa picha mbili: moja ya ubavuni gari likiwa na mifuko yote ya chumvi, nyingine ya chini, tairodi na sampu, na rula katikati yake.