Nikifika "kama sisi nasi" nanyamaza: je, nimeshindwa kumsamehe mdogo wangu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Baba alipofariki alituachia kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, na mama bado anaishi humo. Miaka sita iliyopita mdogo wangu wa kiume aliuza nusu ya kihamba hicho, migomba na kahawa, bila kumwambia mama wala sisi dada zake. Mama alijua siku mnunuzi alipokuja kupima mpaka. Pesa zilishaliwa, na radhi hajaomba. Kila Desemba tukipanda nyumbani ananisalimia kanisani kana kwamba hapakuwa na neno. Wazee wananiambia "samehe na usahau". Nimejaribu. Katika Sala ya Bwana nikifika "kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu" nanyamaza, na mwaka huu nimeacha kushiriki Meza ya Bwana. Je, Mungu hatanisamehe?

JIBU: Amina, mama. Pole sana. Kihamba si kiwanja tu. Ndipo yalipo makaburi ya wazee wenu, na mama yenu alistahili kuambiwa kabla ya mgeni kuja na kamba ya kupimia. Nalisema hili kwanza kwa sababu nahisi umeambiwa mara nyingi kwamba ni jambo dogo. Si dogo, na Bwana Yesu hajasema ni dogo.

Soma tena Mathayo 18, mfano wa mtumwa aliyekataa kusamehe. Yule mtumwa alimdai mwenzake dinari mia. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kwa hiyo lile lilikuwa jasho la zaidi ya miezi mitatu. Mtu akikudhulumu kiasi hicho utalala na njaa. Lakini mtumwa huyo huyo alikuwa ametoka kusamehewa na mfalme wake talanta elfu kumi, na talanta moja ilikaribia dinari elfu sita. Piga hesabu: ni siku milioni 60 za kazi. Hata angefanya kazi siku 300 kila mwaka, angehitaji miaka 200,000. Na bado alikuwa amemwambia mfalme, "Nivumilie, nami nitakulipa yote pia"!

Mimi naona kosa lake lilianzia hapo. Aliomba muda, akapewa msamaha, lakini moyoni akatoka mle ndani kama mtu aliyepewa muda tu. Hakushukuru. Mlango haujafungwa vizuri nyuma yake, tayari amemshika mwenzake koo. Kwa hiyo mtu akikuambia "jikaze usamehe", anakutuma kuchota kwenye kisima kikavu. Anza na lile lako. Kaa chini, taja mbele za Mungu yale uliyosamehewa wewe, moja moja kwa jina lake, umshukuru kwa kila moja mpaka ulione deni lako lilivyokuwa. Mwanamke yule wa Luka 7 hakuambiwa na mtu ailoweshe miguu ya Bwana kwa machozi. Alijua alichofutiwa, na upendo ukafuata wenyewe.

Sasa kuhusu kusahau. "Samehe na usahau" si andiko. Najua utaniuliza juu ya Yeremia 31, Mungu aliposema dhambi yao hataikumbuka tena. Maana yake hatatudai tena, si kwamba imempotea. Marehemu mama yangu alikuwa na kiduka, na daftari la madeni lenye jalada lililolainika kwa mafuta ya taa. Jirani mmoja alipofiwa na mumewe, nilimwona mama akichukua kalamu na kupiga mstari juu ya deni lake lote. Nilikuwa mtoto, nikainama kusoma. Jina lilisomeka vizuri chini ya mstari, sukari kilo mbili, sabuni mche mmoja. Lakini tangu siku ile yule mama hakudaiwa, na mama hakulitaja deni lile hata walipokosana kwa jambo jingine. Wewe unaruhusiwa kukumbuka kihamba. Ukiamka usiku na picha ya ile kamba, hiyo si dalili kwamba hujasamehe. Piga mstari tena.

Kilichokufunga, nadhani, ni kuchanganya mambo mawili ambayo Bwana aliyatenganisha. Katika Marko 11:25 anasema na mwenye kinyongo: "kila msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu." Huyo anasamehe pale pale aliposimama, hata kama mkosaji yuko mbali au hataki kusikia. Katika Mathayo 5 anasema na yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake, yaani aliyekosa. Huyo ndiye anayeambiwa aache sadaka mbele ya madhabahu, aende akapatane. Watu wengi wanaligeuza andiko hili na kumtuma aliyeumizwa afunge safari. Wewe usiiache Meza kwa sababu mdogo wako hajaja. Mwenye safari ni yeye.

Siwezi kulipunguza neno la Mathayo 6:15, kwamba tusiposamehe hatutasamehewa. Linamhusu anayekataa, anayelipenda deni na kulitunza. Anayenyamaza katikati ya sala kwa sababu hataki kumdanganya Mungu hajakataa. Jumapili ijayo litamke fungu lile kwa sauti, hata kama itatetemeka, ukiomba upewe kile unachokisema.

Kumwamini tena ni habari nyingine. Yusufu alilia kwa siri alipowaona ndugu zake waliomuuza, lakini hakujitambulisha mpaka Yuda, mmoja wao, alipokuwa tayari kubaki mtumwa badala ya mdogo wao Benyamini. Kwa hiyo nusu iliyobaki wekeni pamoja katika maandishi, mbele ya ukoo, kwa ajili ya mama. Kumlinda mama yenu hakuuvunji msamaha, maadamu hamfanyi hivyo ili kumwaibisha mdogo wenu.

Desemba akikusalimia mlangoni mwa kanisa, mpe mkono, uulize habari za watoto wake. Mazungumzo ya kihamba yatakuwepo siku atakapoyaleta mwenyewe, na siku hiyo mkaribishe ndani, mchemshie chai.