Majani ya rododendroni yamegeuka manjano

SWALI: Shikamoo, shangazi. Naishi London. Mwaka juzi nilipanda rododendroni, kile kichaka cha maua, bustanini, nikawa naimwagilia kila jioni kwa maji ya bomba. Sasa majani ni manjano, na mwaka huu haikutoa hata ua moja. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chuma jani moja changa ulitazame kwenye mwanga. Kama vishipa vyake bado ni vya kijani na penginepo ni manjano, mmea wako una njaa ya madini ya chuma. Maji ya bomba ya London yana chokaa nyingi, na rododendroni hutaka udongo wenye asidi, yaani pH (kipimo cha asidi) ya 4.5 hadi 6. Chokaa ikizidi, asidi hupungua, na hapo chuma kimo udongoni lakini mizizi haikipati. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, mwagilia hayo.

Yangu nayo iliwahi kudumaa. Nilipofukua nikakuta nilizika shina kina cha kiganja kizima! Mizizi yake ni myembamba kama nywele, hukaa juujuu. Niliipandisha, nikatandaza majani makavu ya msonobari, shina nikaliacha wazi. Hapo usitie jembe. Magugu yang'oe kwa mkono.

Kuhusu maua, machipukizi ya mwakani hujitengeneza kiangazi, kwa hiyo Julai na Agosti usiiache ikauke. Ua likinyauka, likonyoe taratibu kwa vidole, maana chipukizi jipya liko chini yake tu. Na kama una mbwa, asitafune majani: yana sumu.