Darasa la kwanza hawajui Kiswahili: nilivyofanya mimi mwambao wa Kigoma

Mwalimu, umesema umepangiwa Buhigwe, wilaya ya milimani hukuhuku Kigoma, darasa la kwanza, watoto 94, nyumbani kwao ni Kiha tu, na ukiuliza swali darasa zima linakutazama. Unataka kujua uanzie wapi. Mimi ni Muha wa kuzaliwa na bado niliboronga, kwa hiyo nisikilize kwa makosa yangu kwanza.

Nilisoma kijijini huko Kasulu. Enzi zetu ukiropoka neno la Kiha ndani ya eneo la shule unachapwa, na anayekushtaki ni mwenzako wa dawati moja. Nikaenda chuo Tabora, miaka miwili, cheti cha ualimu wa msingi, Daraja la IIIA, nikarudi na Kiswahili kilichonyooka na fimbo ileile. Nikapangwa kijiji cha ziwani, kando ya Tanganyika, njia ya Kagunga. Wakati huo gari hakuna, unapanda boti Kibirizi.

Muhula wa kwanza nilijiona bingwa. Ma me mi mo mu, ka ke ki ko ku, watoto wanaitikia mpaka bati linatetemeka. Siku moja nikaandika "kuku" ubaoni. Binti mmoja akasoma safi kabisa. Nikamwambia anionyeshe kuku kwenye picha ukutani; akagusa mbwa. Nikamwita wa pili, akasoma vizuri vilevile, akagusa mbuzi. Basi nikauliza kwa sauti ya chini, kama mwizi: "Inkoko?" Vidole vyote vikaelekea kwa kuku.

Yaani miezi mitatu nilikuwa nafundisha kuimba.

Tangu hapo wiki za mwanzo chaki naigusa kidogo sana. Naingia na vitu: jembe, sufuria, dagaa, kikapu cha mise, yaani kokwa za michikichi (kwetu ziko bure, na ndizo tunazohesabia). Leta mise tatu. Weka chini ya meza. Mpe mwenzako mbili. Nasema kwa Kiswahili, nafanya kwa mkono, wakikwama kabisa ndipo natoa neno moja la Kiha. Usitafsiri kila sentensi, mwalimu. Ukizoea hivyo watoto wanasubiri Kiha chako na Kiswahili kinawapita kama upepo. Tumia pia maneno yaliyo ndugu: amazi na maji, umwana na mwana. Mtoto akigundua kwamba nusu ya lugha hii anayo tayari, utaona uso wake.

Halafu kuna R na L. Watakuandikia "kurara" badala ya "kulala" na utatamani kuchora mkasi, ile X ya kukosa. Mimi nilichora mikasi mwaka mzima. Mtoto anaandika anachosikia, na huo ndio uandishi wenyewe. Kinachohitaji mazoezi ni sikio. Nilitafuta kipande cha kioo, kila mmoja anaangalia ulimi wake unakaa wapi akisema "la", kisha "ra". Wanacheka sana. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu) uliokuja 2015 ulinisaidia hapo kwa kukazia sauti ya herufi.

Kwa wingi wao, kuitikia kwa pamoja kunaficha wengi. Kila siku nilisikiliza watoto kumi, mmoja mmoja, chini ya mwembe, wengine wakihesabu mise zao. Kwa 94 wako, wiki mbili za shule umewamaliza, unaanza upya. Andika kwenye daftari nani kakwama wapi. Mthibiti ubora mmoja, yaani mkaguzi wa shule, alinikuta nje akaanza kung'aka kuhusu andalio la somo. Nilipomwonyesha daftari akakaa akalisoma.

Kubwa kuliko yote kwangu lilikuwa mahudhurio. Niliwaita watoro, niliita wazazi, nilichapa, wapi! Mvuvi mmoja mzee ndiye aliyenifungua macho: "Mwalimu, angalia mwezi." Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Asubuhi yake pwani nzima inaanika, na watoto wako hukohuko mchangani na mama zao. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika, darasa linajaa. Nikapanga kazi kwa mwezi wa angani: sauti mpya nafundisha wakati wa mbalamwezi, wakati wa giza narudia za zamani na waliokuja. Hakuna chuo kilichonifundisha hilo.

Buhigwe huna dagaa, lakini una maharage na kahawa. Kabla hujamwita mtoto yeyote mtoro, kaa na mama mmoja jioni umuulize lini wanapanda, lini wanavuna, na nani anabaki na mtoto mdogo mama akiwa shambani. Mara nyingi ni huyohuyo wa darasa la kwanza. Wangu wawili niliwaruhusu waje na wadogo zao mgongoni. Mmoja wa wale wadogo alikuja kuanza shule akizijua tayari a e i o u.