Hakuna haja ya jasusi

Mdogo wangu, umeuliza utafanyaje ili wale watu sita wa hadithi yako, waliokwama kwenye nyambizi chini ya Ziwa Victoria waanze kushukiana, na kama umtie jasusi. Jasusi achana naye, tumemchoka.

Tumia hewa. Watu wakifungiwa mahali padogo, hewa ya ukaa huwasumbua kabla oksijeni haijaisha: kichwa kinagonga, pumzi zinakwenda mbio, akili inavurugika. Wao hilo hawalijui. Wanachokumbuka ni kwamba kichwa kilianza kuuma baada ya kula dagaa wa kukaanga waliogawiwa na yule mama wa Ukerewe. Basi, mfuko wake hauguswi tena. Halafu mama anamnong'oneza mpwa wake Kikerewe pale pembeni, na injinia, mtu wa kuja, anasikia jina lake likitajwa mara mbili. Kumbe mama anamtaja injinia kwa huruma tu, kwamba huyu mtoto wa watu hajala tangu jana. Usitutafsirie mapema! Tuache na sisi tumshuku.

Rekebisha kina pia. Umeandika kilomita mbili, wakati ziwa letu panapozidi kina ni kama mita 80 tu. Na hiyo inakufaa zaidi, maana juu ni karibu mno, kila mmoja ana mpango wake wa kutoka, na mwenye mpango anaonekana anataka kuwatoroka wenzake.

Ile sura ya roboti sijaimaliza, nitaisoma jioni nikishavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga.