Jibu: Boti ya kukodi majira ya baridi, samaki hawagusi chambo

Salaam, ndugu. Nimekuelewa hivi: umekodi boti pamoja na nahodha mara mbili majira haya ya baridi, mkavua asubuhi kwenye maji ya kina kifupi yaliyokupa samaki wengi kiangazi, mkarudi mikono mitupu, na sasa unauliza kama ubadilishe nahodha au chambo.

Kabla ya kumlaumu nahodha, angalia kwanza ni lini upepo wa baridi ulipita, kwa sababu katika pwani za nusutropiki maji ya kina kifupi hupoteza joto haraka kuliko ya kina kirefu, na samaki huhamia kwenye mikondo yenye kina kirefu, mashimo na kando ya nguzo za gati. Mimi huomba safari ianze saa nne au tano asubuhi, jua likiwa limekwisha kupasha maji, na hupendelea sehemu zenye tope jeusi, ambalo hufyonza joto kuliko mchanga mweupe. Kuamka alfajiri ni mazoea ya kiangazi tu.

Chambo kiwe kidogo na kivutwe polepole mno, kwani mwili wa samaki hupoa pamoja na maji na hamu yake ya kula hupungua.

Ukitaka kuvua bahari kuu, muulize nahodha kabla ya kulipa amana: upepo ukichafua bahari, safari itaahirishwa, itahamishiwa ndani ya ghuba, au fedha zitarudishwa? Jibu lake lipate kwa maandishi.