Ukienda kukusanya data kwa kushuhudia, andika ulichokiona sio ulichokidhania

Wengi wakiandika pendekezo la utafiti njia ya ushuhudiaji wanaitupia mwishoni kabisa, baada ya dodoso na mahojiano, yaani kama ya kujazia tu, wanaona rahisi kwasababu si unaenda unakaa unaangalia alafu unarudi kuandika. Na mimi niliingia nayo hivyo hivyo kwenye utafiti wangu wa kwanza, nilikuwa naangalia wanafunzi wanavyoshiriki kazi za vikundi darasani, nikakaa nyuma siku 4 nikajaza daftari zima. Msimamizi wangu akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, "mwanafunzi wa dirishani amechoka, hana habari na somo", akaniuliza huo uchovu umeuona wapi?

Nikakosa jibu. Nilichokiona kwa macho ni kwamba alilaza kichwa kwenye mkono wa kushoto na kwa kama dakika 6 hakuandika kitu, basi, hayo mengine nilitia mwenyewe. Na nilipokuja kuongea nae kumbe ubaoni alikuwa haoni vizuri, akaamua kusikiliza tu, na akanitajia karibu kila hoja ya kikundi chake. Nikarudi kwenye daftari nikakuta kote ni "wamefurahi", "amedharau", "hawajaelewa". Ilibidi nianze upya.

Kwahiyo saivi kila ukurasa naupiga mstari katikati. Kushoto naandika saa, nani kafanya nini, na maneno yake kama alivyoyatamka. Kulia ndo naweka ninavyohisi mimi, maswali, hata kama nilikuwa na njaa au hasira siku hiyo maana nayo inabadilisha unavyoona. Usiufute upande wa kulia, utakusaidia sana kwenye uchambuzi, ila usiuchanganye na wa kushoto. Na usilale kabla hujasafisha ulichoandika, ukiacha mpaka kesho kichwa kinaanza kujaza mapengo chenyewe na wewe hata hujui.

Kingine ni kwamba mtu akijua anaangaliwa anabadilika. Kuna majaribio ya kuangalia utendaji wa wafanyakazi yalianza mwaka 1924 kwenye kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, Marekani, ndo jina la athari ya Hawthorne lilikotoka, na ingawa wataalamu wamebishana mno kuhusu zile takwimu, wewe kaa darasani siku ya kwanza utaona mwenyewe, kila mtu kakaa wima na mikono iko juu. Dawa yake ni muda. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Gombe, Kigoma, mwaka 1960 sokwe walikuwa wanamkimbia, alivumilia miezi mpaka Novemba akamwona mmoja anachomeka jani la nyasi kwenye kichuguu anatoa mchwa anakula, na wakati ule wataalamu wengi waliamini binadamu tu ndo hutengeneza na kutumia zana. Angekaa wiki moja akaondoka angeandika kwamba sokwe ni wanyama wa kukimbia. Mi siku 2 za mwanzo naenda, nakaa, naandika, ila data yake siitumii.

Kama unatumia fomu ya kuweka tiki, maneno kama "anashiriki" usiyaache wazi. Kuuliza swali ni kushiriki? Kutikisa kichwa je? Amua kabla hujaingia, alafu mchukue mwenzako mkae kwenye kipindi kimoja, kila mtu na fomu yake, msionyeshane mpaka mwisho. Mkipishana sana shida mara nyingi ni fomu, irekebisheni kwanza.

Na usitegemee macho yakupe sababu. Macho yanakupa tendo, sababu nenda kaulize, ndo maana ushuhudiaji na mahojiano huwa napenda viende pamoja, kama nilivyojifunza kwa yule wa dirishani.

Ridhaa nayo watu wanaipuuza sana na inaniuma, eti kwakuwa humgusi mtu wala humuulizi kitu basi hamna haja ya kuomba. Haja ipo. Omba, na kwa watoto omba na kwa wazazi, na mmoja akikataa usiandike chochote kumhusu hata kama amekaa katikati ya kikundi unachokiangalia. Mi kwenye mchoro wangu wa darasa kiti chake nakiacha kitupu.